Kutoka Nyungu Hadi Sindano

Watanzania hawakuwa watu wa kuogopa chanjo. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, Mpango wa Taifa wa Chanjo ulikuwa na umri wa miaka 45, na karibu watoto tisa kati ya kila kumi walikuwa wanamaliza dozi zao tatu za kinga ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Hicho ni kiwango ambacho mataifa kadhaa ya Afrika yenye fedha kutuzidi yalikuwa hayajakifikia. Siku ya kliniki ilikuwa sehemu ya maisha. Mama anaamka mapema, anambeba mtoto mgongoni, anawahi foleni ya zahanati akiwa na kadi mkononi. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, anachomwa sindano, analia, ananyonyeshwa, na safari ya kurudi nyumbani inaanza. Hakuna aliyeuliza chanjo ilitengenezwa nchi gani wala nani aliilipia.

Hata chanjo mpya zilikuwa zinapokelewa. Aprili 2018 serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Maneno hayakukosekana, maana kinga inayomhusu binti na kizazi chake haiwezi kupita kimya, lakini kazi iliendelea mashuleni na wazazi wengi waliridhia. Aliyezindua chanjo hiyo jijini Dar es Salaam alikuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan.

Miaka mitatu baadaye mambo yalionekana kugeuka. Shehena ya kwanza ya chanjo ya korona iliwasili Julai 2021 ikiwa na dozi 1,058,400, katika nchi ya watu wanaokaribia milioni 60. Katikati ya Septemba hata nusu yake ilikuwa haijatumika. Mama yule yule asiyekosa kliniki alikuwa anapita mbele ya kituo cha chanjo bila kugeuza shingo. Kisha ndani ya muda usiozidi miaka miwili hali ikageuka tena, na zaidi ya nusu ya wananchi wote wakawa wamechanja. Anayetaka kujua utayari wa watu kuchanja unatoka wapi, na unapotea vipi, hana haja ya kwenda mbali. Miaka ile mitatu inatosha kumfundisha.

Level siti na nyungu

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu. Alikuwa msafiri aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa. Katika majuma yaliyofuata ndoo za maji na sabuni zikapangwa kwenye milango ya maduka, vitakasa mikono vikapanda bei, na daladala za Dar es Salaam zikaamriwa kubeba abiria waliokaa tu, level siti, amri ambayo makondakta waliitii kwa uchungu.

Lakini nchi haikufungwa. Majirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda waliweka amri za kutotoka nje, ila Rais John Magufuli alikataa. Masoko yaliendelea, na milango ya makanisa na misikiti ikabaki wazi. Akiwa kanisani Dodoma mwezi huo huo wa Machi alisema korona ni shetani, na kwamba haiwezi kuishi katika mwili wa Kristo. Aprili aliitisha siku tatu za maombi ya kitaifa. Leo ni rahisi kuukosoa uamuzi wa kutofunga, lakini wakati ule uliwafurahisha wengi, na si kwa ujinga. Machinga, mama lishe, bodaboda na kibarua wa saiti wanakula walichopata siku ile. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajifungie mwezi mzima ni kumwambia achague njaa. Rais aliyesema kazi iendelee alikuwa anasema lugha yao, na imani aliyoivuna hapo ndiyo iliyoyapa uzito maneno yake ya baadaye.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Magufuli alisema sampuli za papai, mbuzi na ndege aina ya kware zilipelekwa maabara kwa siri zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Hitimisho lake lilikuwa kwamba vipimo vina kasoro au maabara ina mchezo mchafu. Siku chache baadaye takwimu zikasimama. Wagonjwa 509 na vifo 21, hesabu hiyo ikaganda kwa zaidi ya mwaka mmoja kana kwamba ugonjwa wenyewe umegandishwa.

Nafasi iliyoachwa na takwimu ilijazwa na nyungu. Namna ya kuipiga ilijulikana tangu kwa mababu: majani ya mwarobaini, mchaichai, mpera na mlimao yanachemshwa kwenye sufuria kubwa, sufuria inaepuliwa na kuwekwa chini, mgonjwa anainama juu yake, anafunikwa blanketi zito, anavuta mvuke hadi jasho linamtiririka. Baba alianza, mama akafuata, watoto wakaingizwa kwa zamu. Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo iliweka sehemu ya kujifukizia. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilitengeneza dawa ya mitishamba iliyoitwa NIMRCAF, na serikali ikatuma ndege Madagascar kufuata kinywaji cha Covid-Organics. Rais mwenyewe alieleza kwamba mtoto wake aliugua akapona kwa kujifukiza na kunywa malimau na tangawizi.

Tusiidharau nyungu. Ilimpa mtu kitu cha kufanya kwa mikono yake, ndani ya nyumba yake, kwa fedha aliyonayo, na wengi walioipiga walipona, kwa sababu wengi wanaougua korona hupona. Yule aliyepona hakuwa na namna ya kujua kama angepona bila mvuke. Alichokijua ni kwamba alifukiza na akapata nafuu. Ushahidi wa namna hiyo, ulioonwa kwa macho ya familia nzima, haupinduliwi na tangazo la redio. Juni 2020 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa umekwisha kwa nguvu za Mungu, vyuo na shule zikafunguliwa, watu wakavua barakoa.

Hotuba ya Chato

Desemba 2020 Uingereza ilianza kuwachanja watu wake, na kufikia Januari nchi tajiri zilikuwa zinagombania dozi. Afrika ikawekwa mwisho wa foleni. Wakati huo huo wimbi la pili lilikuwa linapanda Tanzania, bila takwimu yoyote kulionyesha.

Tarehe 27 Januari 2021, akiwa tena Chato kuzindua shamba la miti, Magufuli aliionya Wizara ya Afya isikimbilie chanjo. Hoja yake ilijengwa kwa ustadi wa mtu anayewajua wasikilizaji wake. Kama wazungu wana uwezo wa kutengeneza chanjo haraka hivyo, aliuliza, mbona ya Ukimwi haijapatikana, mbona ya saratani bado? Aliwataka Watanzania wasikubali kuwa watu wa kufanyiwa majaribio. Kisha akagusia nchi moja ambayo mabinti wake, alidai, walichanjwa wakiambiwa ni kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, kumbe ni ya kuwazuia kuzaa.

Dai hilo la mwisho ndilo lililokuwa na sumu ndefu. Chanjo aliyoitilia shaka ilikuwa inatolewa na serikali yake mwenyewe, kwenye shule zake mwenyewe, kwa mwaka wa tatu. Na halikuwa geni masikioni. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda waliyokuwa wanapewa wanawake ina kitu cha kuharibu uzazi. Serikali ya Kenya na Shirika la Afya Duniani walikanusha, lakini minong'ono ilivuka mpaka na kukaa. Hofu ya ugumba ndiyo mzizi wa fununu nyingi za chanjo Afrika Mashariki, kwa kuwa inagusa kitu ambacho hakuna mzazi aliye tayari kukifanyia mzaha. Sasa ilikuwa imetamkwa na mkuu wa nchi.

Siku tano baadaye Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, aliwaambia waandishi wa habari kwamba wizara haina mpango wa kupokea chanjo za korona. Katika mkutano huo ilionyeshwa namna ya kuandaa kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili. Siku chache baadaye Burundi nayo ikasema haihitaji chanjo kwa wakati huo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na Februari 2021 kilio kilifichua. Tanzia zilisambaa kwenye simu zikieleza kwamba marehemu alikuwa na nimonia au changamoto ya upumuaji. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake cha ACT-Wazalendo kilithubutu kutangaza kwamba ana korona, alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari. Siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Siku chache baadaye Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alionekana mbele ya kamera hospitalini Dodoma akikohoa kwa shida huku akijitahidi kuwaonyesha watu kwamba yu hai. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ambalo tangu Januari lilikuwa limeonya kuhusu wimbi jipya, lilisema Machi kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili.

Magufuli alianza kulegea. Mwishoni mwa Februari aliwaambia watu wavae barakoa, ila ziwe zilizotengenezwa nchini. Tarehe 17 Machi 2021 Makamu wa Rais alitangaza kifo cha Rais kutokana na tatizo la moyo. Siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan aliapishwa.

Kugeuza meli

Rais mpya hakuanza kwa kumkosoa mtangulizi wake. Alikuwa amekaa naye serikalini tangu 2015, na nchi ilikuwa ndani ya msiba. Aprili alisema ataunda kamati ya wataalamu, kwa kuwa Tanzania haiwezi kujitenga na dunia. Kamati hiyo, chini ya Profesa Said Aboud, ilikabidhi ripoti yake Mei ikashauri nchi irudi kutoa takwimu na ijiunge na mpango wa COVAX uliokuwa unazigawia nchi chanjo. Mwishoni mwa Juni, akizungumza na wahariri, Rais alitaja hadharani kwamba wagonjwa wapo. Tarehe 24 Julai ndege iliyobeba zile dozi za Janssen zilizotolewa na Marekani ikatua Dar es Salaam. Kenya na Rwanda zilikuwa zimeanza kuchanja Machi.

Tarehe 28 Julai, Ikulu ya Dar es Salaam, Rais alichanjwa mbele ya kamera. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa na Jaji Mkuu Ibrahim Juma walikuwa miongoni mwa waliochanjwa siku hiyo. Kabla ya sindano alijieleza kwa namna ambayo mtaalamu yeyote wa mawasiliano angeionea wivu. Hakuanza na asilimia za ufanisi. Alisema yeye ni mama wa watoto wanne, ni bibi mwenye wajukuu wanaomtegemea, ni mke, kisha ni Rais na Amiri Jeshi Mkuu, na kwamba mtu mwenye majukumu hayo hawezi kujitia hatarini kwa makusudi. Aliongeza kwamba mwili wake tayari una chanjo kadhaa alizochanjwa tangu utotoni, na bado anaishi. Kwa maneno hayo aliitoa chanjo ya korona kwenye ugomvi wa wazungu na Waafrika, akairudisha kliniki, kwenye kadi ya mtoto. Akasisitiza pia kwamba chanjo ni hiari.

Hapo Ikulu alikuwapo Dkt. Dorothy Gwajima, bado Waziri wa Afya. Miezi isiyofika sita kabla ya hapo alikuwa amesema hakuna mpango wa chanjo. Sasa kazi yake ilikuwa kuieneza. Wananchi waliliona hilo. Wengine walicheka, lakini wengi walifanya jambo la busara zaidi: walitulia kwanza.

"Nawasikilizia kwanza"

Mazungumzo ya Agosti 2021 yalifanana kuanzia Tandika hadi Tandahimba.

"Shikamoo bibi. Umeshachanja?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado. Nawasikilizia kwanza."

Katika jibu hilo hakuna neno la kukataa. Bibi anataka kuona waliotangulia wanaendeleaje, na serikali itasema nini mwezi ujao. Mtu aliyeambiwa Januari kwamba chanjo ni hatari na Julai kwamba ni salama, tena na wizara ile ile, ana haki ya kusubiri. Kumwita mbishi ni kumwonea.

Na alikuwa na mengi ya kusikiliza. Simu zilijaa sauti na video: aliyechanja anabandikwa sumaku begani ikanasa, waliochanja watakufa wote ndani ya miaka miwili, nguvu za kiume zinakwisha, watu watageuka mazombi. Nyuma ya upuuzi huo palikuwa na maswali ya kweli. Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca kwa sababu ya damu kuganda. Aprili Marekani ilisimamisha kwa siku chache chanjo ya Janssen, ile ile iliyoletwa kwetu, baada ya watu sita kati ya karibu milioni saba waliochanjwa kupata tatizo la namna hiyo. Ukipiga hesabu ni hatari ndogo mno, lakini anayeisikia habari kwa jirani haipokei ikiwa na hesabu ndani yake. Anapokea kwamba wenyewe waliisimamisha, kisha wakatuletea sisi.

Utaratibu wenyewe uliongeza shaka. Anayetaka chanjo alijiandikisha kwa mtandao, akafika kituoni, akapewa fomu ya ridhaa asaini. Nia ilikuwa njema, kuheshimu hiari ya mtu. Ila mama aliyechanjiwa watoto watano bila kusaini karatasi yoyote alijiuliza, kama kitu hiki ni salama, saini yangu wanaitakia nini?

Sauti iliyovuma kuliko zote ilitoka madhabahuni. Askofu Josephat Gwajima wa Kanisa la Ufufuo na Uzima, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, alihubiri Jumapili baada ya Jumapili dhidi ya chanjo. Alitaka watu waelezwe madhara yake ya muda mrefu, akatangaza kwamba hatachanja. Waziri wa Afya, wanayetumia jina moja la ukoo, aliagiza vyombo vya dola vimhoji. Tarehe 31 Agosti Bunge likamfungia kuhudhuria mikutano yake miwili. Adhabu ilimnyima kiti Dodoma lakini haikumnyima masikio. Kwa aliyekuwa anasita, kuona mwenye maswali anaadhibiwa badala ya kujibiwa ilikuwa sababu nyingine ya kusikilizia. Tukumbuke pia kwamba mengi aliyoyasema askofu yalikuwa yamesemwa na Rais wa nchi miezi saba tu nyuma, na hapo hakuna aliyeadhibiwa.

Pamoja na yote hayo, kuna sababu moja isiyo na fununu wala siasa ambayo huwa inasahaulika. Chanjo ilianza kutolewa kwenye vituo 550 tu nchi nzima. Tanzania Bara peke yake ina halmashauri 184 na vijiji zaidi ya 12,000. Mkulima wa Kilombero au Kakonko alitakiwa apande bodaboda ya maelfu kadhaa ya shilingi, apoteze siku ya palizi, akapange foleni mjini, yote hayo kwa ajili ya ugonjwa ambao serikali ilimwambia mwaka mzima kwamba haupo. Huyo anahesabiwa kwenye ripoti kama mtu asiye tayari kuchanja. Huenda hakuwahi kuulizwa.

Dozi tano kwa mkupuo

Septemba 2021 serikali ilibadili mwendo kwa kuanzisha kile ilichokiita mpango shirikishi na harakishi. Vituo viliongezwa kutoka 550 hadi 6,784, maana yake zahanati ya kawaida, ile yenye mzani wa watoto, nayo ikaruhusiwa kuchanja. Wahudumu wakatoka nje na boksi baridi mabegani. Walichanja sokoni, stendi, minadani, kwenye viwanja vya mikutano, baada ya swala ya Ijumaa na baada ya misa. Wenyeviti wa vitongoji, mabalozi wa nyumba kumi, masheikh, wachungaji na hata waganga wa tiba asili waliitwa kwenye semina, wakarudi makwao kuzungumza na watu wanaowajua kwa majina.

Kichupa cha Janssen kinaeleza vizuri kazi hiyo ilivyokuwa. Kimoja kina dozi tano. Kinahifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na kikishachomwa sindano ya kwanza lazima kiishe ndani ya saa sita, la sivyo kinachobaki kinamwagwa. Muuguzi aliyefika mnadani akapata mtu mmoja aliye tayari alikuwa na mtihani: akimfungulia yeye peke yake atapoteza dozi nne, na akimwambia asubiri huenda asimwone tena. Kwa hiyo walianza kutafuta watano. Aliyekubali aliombwa amwite mkewe, mke akamwita wifi yake, muuza kahawa aliyekuwa anatazama pembeni akaambiwa amebaki mtu mmoja tu kichupa kifunguliwe. Uamuzi ambao vitabu vinauelezea kama wa mtu binafsi na dhamiri yake, minadani ulikuwa uamuzi wa kikundi. Watu walikubali watano watano.

Janssen ilikuwa na faida nyingine: sindano moja ilitosha. Kwa wafugaji wanaohama na wachimbaji wadogo ambao leo wapo Geita na kesho Chunya, chanjo isiyodai tarehe ya kurudi ilikuwa na thamani kubwa kuliko tofauti ndogo ya ufanisi. Oktoba zilifika dozi za Sinopharm kutoka China, na baadaye Pfizer na Moderna, lakini sindano moja ya Janssen ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi vijijini.

Matokeo hayakuja mara moja. Kufikia mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa bado hawajafika hata asilimia tano ya wananchi, na Tanzania ilihesabiwa miongoni mwa nchi zilizobaki nyuma kabisa duniani. Dozi zenyewe zilikuwa bado chache. Zilipofika kwa wingi zikakuta njia imeshatengenezwa, na hapo kasi ikapanda. Ndani ya mwaka huo mmoja nchi ilitoka mkiani na kuingia kundi la mbele barani. Mwaka 2023 waliokamilisha walikuwa zaidi ya nusu ya wananchi wote, watoto wakiwemo kwenye hesabu.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Novemba 2021 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanja asingepata huduma za serikali ana kwa ana, wala kuingia hotelini na kwenye baa. Mahakama Kuu iliizuia amri hiyo kabla haijaanza kutumika. Tanzania ilibaki na hiari yake. Kweli, hiari haikuwa safi asilimia mia. Msafiri alihitaji cheti, na wapo waajiri waliosisitiza. Lakini mwanakijiji aliyechanja 2022 hakuwa anafukuzia cheti cha kusafiria. Alichanja kwa sababu muuguzi aliyemchanjia watoto alifika mlangoni na boksi lile lile analolijua.

Ushahidi mzuri wa hilo ulitokea mwaka huo huo. Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio jijini Lilongwe, na Tanzania ikaanza kampeni za kuwapa matone watoto wote wa chini ya miaka mitano, kwanza mikoa ya mpakani kusini, kisha nchi nzima. Wahudumu walipita nyumba kwa nyumba, wakamdondoshea mtoto matone mawili mdomoni, wakampaka wino kidoleni, wakaandika kwa chaki mlangoni kwamba nyumba imefikiwa. Milango ilifunguliwa. Wazazi waliokuwa bado wanasikilizia chanjo yao wenyewe waliwatoa watoto wao bila kusita. Kama tatizo lingekuwa chuki ya chanjo, au woga wa vitu vya wazungu, milango hiyo isingefunguka.

Bei ya kuchelewa

Haifai hata hivyo kuimaliza historia hii kwa shangwe. Watu wengi walichanja baada ya mawimbi makali kupita. Takwimu rasmi zinaonyesha vifo chini ya 900 kwa janga zima, lakini takwimu hizo zina pengo la zaidi ya mwaka mzima, na ndani ya pengo hilo umo msimu mbaya kuliko yote. Wazee waliozikwa Januari na Februari 2021 hawakuwa na sindano ya kuikataa wala kuikubali. Wakati huo chanjo ilikuwa haba duniani, na hata serikali iliyoitaka isingeipata kwa wiki ile. Lakini waliougua katikati ya mwaka, wakati majirani wameshaanza kuchanja, walilipia miezi ambayo nchi haikuwepo hata kwenye foleni. Deni hilo halimhusu bibi aliyekuwa anasikilizia.

Shehena ya lawama iliwafikia wananchi mapema kuliko shehena ya chanjo. Ripoti ziliandika kusitasita kwa jamii, elimu duni, imani potofu, kana kwamba utayari ni tabia ya kuzaliwa nayo, kama kimo. Historia yetu ya karibuni inaonyesha vingine. Watu wale wale, wenye dini zile zile, elimu ile ile na simu zile zile, walikuwa wachanjaji hodari mwaka 2019, wasitaji mwaka 2021, na wachanjaji tena mwaka 2022. Vilivyobadilika ni vitu vitatu: wakubwa wanasema nini, kauli ya leo inalingana na ya jana au la, na sindano iko umbali gani na mlango.

Aprili 2024 wizara ilifanya kampeni ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, sasa kwa dozi moja badala ya mbili, ikilenga karibu wasichana milioni tano. Ni chanjo ile ile iliyotiliwa shaka Chato. Kazi ilifanyika kwa wiki moja mashuleni na kwenye jamii, na mabinti kwa mamilioni wakakunja mikono ya mashati yao. Hakuna aliyekwenda kuwafundisha wazazi wao sayansi mpya kati ya Januari 2021 na Aprili 2024. Walichokiona ni serikali inayosema jambo moja kwa muda wa kutosha hadi likaaminika. Janga lijalo litakapokuja, na litakuja, itafaa swali la kwanza waulizwe viongozi kabla ya wananchi: mlisema nini mwaka jana?